Beryl Markham alikuwa rubani kwanza

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya filamu za marubani wanawake wa zamani. Kwa Beryl Markham, binti aliyelelewa Njoro, watunzi wa tamthilia wana mazoea mabaya: wapenzi wake hupewa nafasi kubwa, ndege hubaki pambo la nyuma.

Kazi yake yenyewe ina msisimko wa kutosha. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea Marekani, akipambana na upepo wa Atlantiki uvumao kutoka magharibi. Alikaa angani zaidi ya saa 20, sehemu kubwa usiku, bila redio. Injini ilipokosa mafuta, alitua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikazama matopeni, naye akatoka na jeraha la kichwa. Mtunzi anayeyaacha hayo ili tutazame busu jingine sijui anatafuta nini! Sisemi mapenzi yafichwe. Yalikuwepo, tena mengi.

Napendekeza watayarishaji wa Kenya waitengeneze upya hadithi hii. Wawaite marubani wanawake wa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, wapitie mswada kabla kamera haijawashwa. Arap Ruta naye, rafiki wa Beryl wa utotoni aliyefanya naye kazi kwenye farasi na baadaye kwenye ndege, apewe maneno ya kusema, asiwe wa kubeba mizigo tu.

Msomaji wenu,
Nakuru