Matokeo ya utafiti wa wanyamapori yafike vijijini

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mvua nyumbu na pundamilia wengi wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire hutoka hifadhini kuelekea nyanda za Simanjiro, ambako nyumbu huzalia. Sababu watafiti walikwishaieleza: majani mafupi ya kule yana fosforasi nyingi, madini anayoyahitaji sana mama anayenyonyesha. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1970, lakini malisho hayo yalibaki nje ya mpaka wake, kwenye ardhi ya vijiji.

Elimu hiyo ilipofanyiwa kazi, ilizaa matunda. Kijiji cha Terrat, huko Simanjiro, kiliingia mkataba na kampuni za utalii: kilipwe kila mwaka, nacho kiache sehemu ya nyanda bila kulimwa, huku mifugo ya Wamaasai ikiendelea kuchungwa humo.

Lakini ni tafiti ngapi ambazo matokeo yake hufika vijijini? Mtafiti huja, humvisha tembo kola ya kufuatilia nyendo zake, huondoka. Matokeo hutoka kwenye jarida la Kiingereza, na mwenyekiti wa kijiji hajui kola ile ilionyesha njia gani. Mwaka unaofuata trekta linalima katikati ya ushoroba, yaani njia ya wanyama, na mkulima wala hatumlaumu, hakuambiwa.

Naziomba TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), zinazosimamia vibali vya utafiti, ziweke sharti lisilokwepeka: mtafiti asifunge kazi kabla ya kueleza matokeo kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na aache ramani ofisini itumike katika mpango wa matumizi ya ardhi. Gharama zake ziwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Msomaji wako,
Babati, Manyara