Usikubali Nyaya Zing'olewe

Bukavu, Nguba

Ndugu yangu Byamungu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Neema na kwa watoto. Sisi hapa tu wazima, ingawa mvua haitupi nafasi.

Kilichonifanya nikuandikie upesi ni habari aliyoniletea Papa Cikuru aliposhuka melini: kwamba Hiace yako imekwisha kubadilishiwa betri na alternata (ile mashine inayochaji betri), lakini asubuhi bado haiwaki mpaka isukumwe, na sasa fundi anadai dola 300 ili ang'oe nyaya zote na kuweka nyingine. Nakusihi, usitoe hata faranga moja kabla hajakuonyesha kwa kipimo ni waya upi uliokufa. Nyaya za gari la zamani hazifi zote kwa pamoja. Hufa mahali pamoja au pawili, na mara nyingi mahali penyewe ni upande wa masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ambako mafundi wetu hawapendi kuangalia.

Cikuru ameniambia pia kwamba ukikanyaga breki, taa ndogo ya nyuma kushoto hufifia na indiketa huwaka kidogo. Hiyo ni dalili ya masi mbovu. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri kupitia bodi, hujipitisha ndani ya balbu ya jirani, ndiyo maana taa ambayo hukuiwasha inawaka. Washa taa, weka multimeta (kile kipimo cha umeme) kwenye volti, ncha moja kwenye waya wa masi wa taa hiyo (katika Toyota ni mweupe wenye mstari mweusi), na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, fuata waya huo mpaka ulipofungwa kwenye bodi, fungua skrubu, sugua kutu mpaka chuma king'ae, kisha funga upya.

Kuhusu betri, pima kwanza injini ikiwa inanguruma. Kwenye betri unapaswa kupata kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukipata 12.9 hapo, lakini ukapata 14.2 kati ya skrubu kubwa ya alternata na mwili wake, basi alternata ni nzima na umeme unapotea njiani. Nasema hivi kwa sababu ya hesabu: betri ya ampea-saa 70 ikinyonywa nusu ampea kwa saa 12 hupoteza ampea-saa 6 tu, nayo haiwezi kufa kwa hizo. Kama inakufa kila usiku, ama kuna kitu kikubwa kinachobaki kimewaka, ama inalala ikiwa haijajaa, na mimi naelekea kwenye hili la pili.

Waya mnene unaounganisha injini na chasisi usiuamini kwa macho. Juzi tuliuchana ule wa gari la jirani yangu: plastiki ilikuwa nzima kabisa, lakini ndani mlikuwa na unga wa kijani na nyuzi chache za shaba zilizobaki zimeshikana. Kwa kipimo cha omu, kinachopima ukinzani wa waya, ulionekana mzima, kwa kuwa kipimo hicho hupitisha umeme mdogo sana, ambao nyuzi chache zinautosha. Stata inayovuta zaidi ya ampea 100 ndiyo iliyoufichua. Kwa hiyo pima volti kati ya injini na hasi ya betri mtu akipiga stata. Na kama waya wa akselereta huwa wa moto baada ya kupiga stata kwa muda mrefu, ujue umeme umegeuza njia kwa kukosa masi, na hilo linaweza kukuunguzia gari.

Barabara zenu za Goma, za mawe ya lava, hutikisa kila kitu, hivyo angalia pia mahali nyaya zinaposugua chasisi. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kipande cha waya, hata kama safari ni ya haraka. Nyaya ndizo zitakazoungua badala yake.

Multimeta yangu anakuja nayo Cikuru. Nijibu haya mapema: ukifungua hasi ya betri Jumamosi jioni, Jumatatu gari linawaka? Ile alamu uliyofungiwa huko mtaa wa Birere iliwekwa kabla ya shida hii au baada yake, na nyaya zake ziliungwa wapi? Mnapopima, taa za ndani huwa zimezimwa na milango imefungwa? Fundi amekwisha kukata chochote? Na alternata ya zamani iko wapi? Kama bado iko gereji, nenda ukaichukue leo, maana huenda tukairudisha mahali pake na hiyo mpya ukaiuza.

Rafiki yako,
Mugisho