Mchezaji wa kikapu wa kuhamahama aangalie mkataba

Mhariri,

Mchezaji wa kikapu akibadilisha timu mara nyingi, wengi humwona hana msimamo. Si haki. Ish Smith, ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2010 (zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya), alichezea timu 13 za NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, ambayo ni rekodi ya ligi hiyo, na mwaka 2023 akatwaa ubingwa akiwa na Denver.

Wengi huhamishwa na mikataba. Ule wa siku 10 huanza kutolewa Januari 5, na timu ikishampa mchezaji miwili msimu huo, ni lazima imsajili hadi msimu uishe au imwache. Wanaoachwa hutafuta riziki ng'ambo.

Huko ndiko kwenye mitego. Kwanza vipimo vya afya: mkataba utaje vitafanyika ndani ya saa ngapi tangu mchezaji afike, na kwamba muda huo ukipita klabu haiwezi tena kujitoa kwa sababu hiyo. Pasipo kikomo, klabu humfanyisha mazoezi wiki mbili, ikipata mwingine wa bei nafuu inakumbuka goti lake. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kiwemo kifungu cha usuluhishi wa BAT, chombo cha kuamua migogoro ya mikataba ya kikapu kilichoanzishwa 2007 na FIBA, shirikisho la kikapu duniani. Kikikosekana, mshahara usiolipwa hudaiwa katika mahakama za nchi ya klabu, kwa lugha asiyoijua mchezaji, naye keshahamia kwingine. Klabu ikipuuza uamuzi wa BAT, FIBA inaweza kuizuia kusajili.

Waandishi wenu wawaulize mawakala kuhusu vifungu hivi kila wanapotangaza usajili.

Mdau wa kikapu