Mwandishi wa habari hafunzwi darasani peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie ushauri ambao wanafunzi wapya hupewa karibu kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, kwamba mwanafunzi mwenye busara ajiepushe na vyama, vilabu, mikutano na siasa za wanafunzi, kwa kuwa kilichompeleka chuoni ni kitabu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uandishi wa habari. Ushauri huo nilipewa na watu wanaonipenda, nikaufuata kwa zaidi ya mwaka mzima, na leo ninaandika kwa sababu nimeshuhudia madhara yake kwa mtu anayesomea fani hii.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilitoka bwenini kwenda ukumbi wa mihadhara, nikatoka huko kwenda maktaba, kisha nikarudi kulala. Alama zangu zilikuwa nzuri. Niliweza kueleza bila kusita namna aya ya kwanza ya habari inavyopaswa kubeba uzito wa habari yote, maswali sita ambayo mwandishi hana budi kuyajibu, na mpaka ulio kati ya habari na maoni. Mwaka wa pili ulipoanza, mhadhiri wetu alitupa zoezi lililoonekana jepesi: kila mmoja alete habari moja ya kweli kutoka ndani ya chuo, yenye vyanzo visivyopungua vitatu, ambayo haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Nilihangaika siku nne bila kupata kitu. Kuandika nilijua, ila sikuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza. Sikumfahamu katibu wa serikali ya wanafunzi, sikujua wakazi wa bweni langu walikuwa wakilalamikia nini, na ingawa nililala katika jengo moja na watu mia kadhaa, hakuna hata mmoja kati yao ambaye angenieleza jambo lililomkera, kwa sababu hakuna aliyenijua mimi ni nani. Mwishowe niliandika kuhusu saa za kufunguliwa kwa maktaba. Mhadhiri alinirudishia karatasi ikiwa na maneno matatu ya wino mwekundu: "Hili ni tangazo."

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye chumba cha gazeti la wanafunzi, ambacho nilikuwa nimekipita mara nyingi bila kuingia. Mhariri wa zamu alikuwa mwanafunzi wa fizikia. (Baadaye niligundua kwamba wengi wa waliokuwa wakilibeba gazeti lile hawakuwa wanafunzi wa fani yetu, na jambo hilo lilinisikitisha kwa niaba ya darasa letu zima.) Hakuniuliza alama zangu. Aliniuliza ninaishi bweni lipi, na nilipomtajia alisema hawakuwa na mwandishi hata mmoja upande ule, akanituma nihudhurie kikao cha wakazi jioni ile ile.

Kikao kilihusu taa za njia inayotoka maktaba kwenda mabweni ya wanawake. Wasichana walikuwa wakitembea gizani kwa miezi kadhaa, na kila mwenye mamlaka aliamini kwamba kuna mwenzake anayeshughulikia. Niliitembea njia ile usiku nikiwa na wenzangu wawili, tukahesabu nguzo moja baada ya nyingine, tukakuta taa 14 kati ya 22 hazikuwaka. Ofisi inayohusika na majengo iliniambia haijapokea malalamiko yoyote, lakini mihtasari ya vikao, ambayo katibu wa wakazi aliniruhusu niisome, ilionyesha kwamba barua mbili zilikuwa zimepelekwa na kupokelewa kwa saini. Habari ilichapishwa, na kabla ya mwezi kwisha taa nyingi zilikuwa zinawaka. Nisingeipata kamwe nikiwa maktaba.

Hata hivyo lililonifunza zaidi katika habari ile ni kosa nililolifanya. Niliandika kwamba kikao kilihudhuriwa na "mamia ya wanafunzi". Ukumbi ulikuwa umejaa, kelele zilikuwa nyingi, nami nilikuwa na hamu ya kuonyesha uzito wa jambo. Asubuhi ya siku ambayo gazeti lilitoka, katibu wa wakazi aligonga mlango wangu akiwa ameshika daftari la mahudhurio, lenye majina 63. Hakuja kwa hasira. Alisema tu kwamba ofisi ya majengo ikiliona kosa lile itapata sababu ya kukataa na mengine yote yaliyokuwa kweli, na kwamba wao ndio watakaoendelea kutembea gizani. Toleo lililofuata tulichapisha marekebisho. Darasani nilikuwa nimesoma sura nzima kuhusu usahihi na kuifanyia mtihani, lakini tangu asubuhi ile sijaandika idadi yoyote bila kuuliza imehesabiwa na nani na kwa njia gani.

Tofauti ninayotaka wasomaji wako waione iko hapo. Mwanafunzi anayeandika zoezi la darasani husomwa na mtu mmoja, naye hulipwa kwa alama. Anayeandikia gazeti la wanafunzi hupanga foleni ya chakula pamoja na watu aliowaandika. Aliyekosewa anajua chumba chake, na aliyesaidiwa humjia siku nyingine na habari kubwa zaidi.

Baadaye nilijiunga na chama cha mdahalo, nikachaguliwa kuwa katibu wake. Muhula huo huo ukazuka mgogoro juu ya namna serikali ya wanafunzi ilivyogawa fedha za vyama. Chama chetu kilikuwa kimepata fungu kubwa kuliko vyama vingine vyenye wanachama wengi zaidi, na hakuna aliyetoa maelezo ya kuridhisha. Nilizijua nyaraka zilikokuwa, nilimjua kila mhusika, na nilitamani kuiandika habari ile kuliko habari nyingine yoyote. Mwenyekiti wetu, ambaye ni rafiki yangu, alinisihi niinyamazie hadi mwaka wa fedha upite. Usiku mzima sikulala vizuri. Kulipokucha nilimweleza mhariri kila kitu, pamoja na wadhifa wangu chamani, naye akaniondoa katika kazi hiyo na kumpa mwandishi mwingine.

Sikutarajia yaliyofuata. Mwandishi yule alinijia akiwa na kinasa sauti na kuniuliza mimi, kama katibu, ni lini tulipokea fedha zile na nani aliidhinisha matumizi. Kwa mara ya kwanza nilikaa upande wa pili wa meza. Nilihisi namna mtu anavyotamani kuongeza neno la kujitetea, namna anavyoogopa sentensi yake isije ikakatwa katikati, na namna anavyomshukuru kimoyomoyo mwandishi anayemrudia kabla ya kuchapisha ili kuhakikisha kwamba alichonukuu ndicho kilichosemwa. Tangu hapo, haki ya kujibu naiona kama deni nililo nalo kwa kila ninayemwandika. Urafiki wetu na mwenyekiti ulipoa kwa muda mrefu, na sitaki kudai kwamba hasara hiyo haikuniuma.

Wapo watakaosema kwamba nazungumzia mchezo wa wanafunzi. Ukweli ni kwamba mafunzo ya fani hii yalianza kwa imani hii hii. Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani kilipofungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1908, siku ya kwanza ya masomo wanafunzi walitoa gazeti, tarehe 14 Septemba. Waasisi wa shule ile hawakutaka mwanafunzi asubiri hadi ahitimu ndipo akutane na msomaji. Katika ukanda wetu, jarida la Cheche lilitolewa na wanafunzi wa chuo kikuu kilichopo Dar es Salaam kuanzia mwaka 1969 hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970, na waliolitoa walikuwa ndani kabisa ya vyama na mijadala ya wanafunzi wenzao. Mmoja wa wahariri wake, Karim Hirji, alikuwa mwanafunzi wa hisabati, na baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba.

Mfano wa karibuni ni wa Theo Baker, ambaye mwishoni mwa mwaka 2022, akiwa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kuandika katika gazeti la wanafunzi, The Stanford Daily, kuhusu picha zenye kutiliwa shaka katika tafiti zilizobeba jina la rais wa chuo hicho, yaani mkuu wake. Mashaka hayo yalikuwa yamejadiliwa na baadhi ya wanasayansi kwa miaka kadhaa. Bodi ya chuo iliunda jopo la uchunguzi, na Julai 2023 jopo likaeleza kwamba rais hakuchezea takwimu yeye mwenyewe, lakini alishindwa kusahihisha makosa ipasavyo. Alitangaza kujiuzulu. Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba jambo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kulifuatilia, na aliyelishika akalifikisha kwa umma ni kijana aliyekihesabu chuo kile kuwa mahali pake.

Sikatai kwamba kuna gharama. Somo moja la mwaka wa pili nililifaulu kwa taabu, kwa sababu wiki ya mtihani iliangukia wiki ya kufunga kurasa, na nawajua wenzangu waliozama katika siasa za wanafunzi hadi wakalazimika kurudia mwaka. Mimi nimejiwekea mpaka wa kushika mambo mawili tu kwa wakati mmoja, gazeti na chama kimoja, na mpaka huo umenisaidia. Lakini kumwambia mwanafunzi wa uandishi wa habari asishike lolote ni kumnyima wigo wa watu atakaowasikiliza, katika kipindi pekee cha maisha ambapo kosa lake linaweza kurekebishwa katika toleo lijalo bila kumfukuzisha kazi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wakuu wa vitivo vyetu, kwamba kazi iliyochapishwa katika gazeti la wanafunzi ihesabiwe katika alama za mafunzo kwa vitendo, baada ya mhadhiri kuikagua kama anavyokagua zoezi lolote, huku maamuzi ya nini kichapishwe yakibaki mikononi mwa wahariri wanafunzi. La pili ni kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako mnaopokea vijana wa mafunzo kila mwaka. Wengi wetu tunafika mezani kwenu na bahasha yenye matokeo ya mitihani. Tafadhalini mtuulize pia tumeandika nini, nani alilalamika baada ya kusoma, na tulimjibu vipi.

Mimi nitakuwa miongoni mwa watakaobisha hodi kwenye vyumba vya habari muhula ujao. Nitakuja na nakala ya ile habari ya taa, pamoja na nakala ya marekebisho yake.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa tatu