Somo la programu: masharti yajulikane wiki ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila muhula wanafunzi wengi hapa Unguja na Pemba huingia katika somo la mwanzo la kuandika programu za kompyuta bila ya kuambiwa linawadai nini. Hupewa orodha ya mada na tarehe ya mtihani, basi. Tunaomba nafasi tuseme kinachopaswa kuandikwa katika karatasi ile ya wiki ya kwanza.

Tuanze na saa. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Somo la krediti 12 likisomeshwa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki. Ukitoa 2 za darasani na 2 za maabara, zinabaki 4 za mwanafunzi mwenyewe. Zigawiwe siku nne, saa moja moja. Anayezirundika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi hukwama kwenye kosa moja, na saa hiyo hana wa kumuuliza.

Chukua zoezi jepesi: programu imuulize mkulima ameleta kilo ngapi za karafuu, imtajie malipo yake, tuseme kwa shilingi 15,000 kila kilo. Kwa lugha ya Python mwanafunzi ataandika:

kilo = input("Kilo ngapi? ")
print(kilo * 15000)

Akijibu 12 anatarajia 180,000. Badala yake skrini inajaa 121212 hadi chini, kwa sababu input hurudisha maandishi, si namba, na maandishi yakizidishwa hurudiwa, hapa mara 15,000. Mwenzake atamwambia azungushie int, amri inayogeuza maandishi kuwa namba nzima. Kwa 12 itakubali, lakini mkulima akija na kilo 12.5 programu itaanguka na kuandika ValueError, maana int haipokei maandishi yenye nukta. Hapo panataka float, inayokubali namba zenye nukta. Na mtu akiandika 12,5 kwa mkato, hata float itakataa. Mistari miwili tu hiyo! Aliyenakili jibu lililokamilika ataiona float imekaa pale, asijue imefuata nini.

Kwa hiyo kuandika "ni marufuku kuibia" hakutoshi. Karatasi iseme wazi: kujadili swali na wenzako ruhusa, kuchora hatua za kulitatua kwenye ubao pamoja ruhusa, kumsaidia mwenzako kusoma ujumbe wa kosa ruhusa. Kutuma faili lako, au kupokea la mtu, hapana, hata ukibadilisha majina yote ndani yake. Akili mnemba nayo iingie humo humo: iulizwe maana ya kosa, isiandike jibu. Kuipiga marufuku kabisa hatuoni kama kunatekelezeka. Kinachotekelezeka ni mahojiano ya dakika tano maabara: mkufunzi abadilishe sharti moja la zoezi, mwanafunzi arekebishe mbele yake. Asiyeweza, alama za zoezi lile zishuke. Darasa la watu 60 ni saa tano kwa kila zoezi, hivyo wachaguliwe kwa kura watu kumi kila mara, bila ya kutangaza majina mapema.

Kuhusu kuchelewa, tunapendekeza asilimia 10 ikatwe kwa kila siku, mwisho siku tatu, na kila mwanafunzi awe na siku mbili za dharura kwa muhula ambazo hazihitaji barua wala maelezo. Umeme hukatika, mtoto huumwa. Mkufunzi asigeuzwe hakimu wa kila udhuru. Na muda wa mwisho usiwe saa sita usiku, kama inavyopendwa siku hizi. Uwekwe saa 10 alasiri, siku ambayo maabara iko wazi na msaidizi yupo. Ijumaa iachwe.

Asiye na kompyuta mpakato asihukumiwe kwa hilo. Python ni ya bure, na ikishawekwa haihitaji intaneti, kwa hiyo maabara ikifunguliwa jioni inatosha. Ila flashi zinazohama mashine hadi mashine hubeba virusi na hufa ghafla. Kazi ihifadhiwe sehemu mbili, flashi na baruapepe, kabla ya kuzima kompyuta, na "flashi imeharibika" isihesabiwe kuwa udhuru.

Wakufunzi wa kompyuta,
Chake Chake, Pemba.