Seva ya mifumo mitatu isipimwe kwa viini vya prosesa

Mhariri,

Matangazo ya seva zilizotumika yamejaa hesabu ya viini vya prosesa: viini 24, viini 32. SACCOS na shule zinazotaka Windows na Linux kwenye mashine moja huyasoma hayo na kulipa. Kisha seva inasuasua, lawama anabeba fundi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kugawa seva kwa mifumo kadhaa. Ukiikata diski vipande na kuweka mfumo endeshi kwenye kila kipande, mfumo mmoja tu ndio utakaowaka kwa wakati mmoja. Ili yote ifanye kazi pamoja, unahitaji programu ya kugawa seva kama Proxmox, Hyper-V au VMware ESXi, pamoja na prosesa yenye uwezo wa kuendesha mifumo kadhaa pamoja, uitwao VT-x (Intel) au AMD-V. Seva karibu zote za miaka 15 iliyopita zinayo. Ukiona ujumbe "kvm: disabled by bios", usimrudishie muuzaji mzigo wake, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uwashe uwezo huo.

Viini vinaazimana. Mashine pepe (kila mfumo ndani ya seva hujiona kama kompyuta yake) tatu zenye viini vinne kila moja hukaa vizuri juu ya viini vinane, maana ni nadra zote kutaka kazi kwa sekunde ile ile. RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, haiazimiki hivyo. Windows Server yenye hifadhidata ya uhasibu ipe GB 16, Linux ya tovuti GB 8, ya mafaili GB 4, na GB 4 zibaki kwa programu inayozigawa. Hapo ni 32 kamili bila nafasi ya kupumua, basi nunua 64. Tazama pia aina: ukichanganya vijiti vya RDIMM na UDIMM, aina mbili za RAM zisizopatana, seva haiwaki. Na kwenye ubao wa prosesa mbili, nafasi za RAM za upande ambao haujafungwa prosesa hazisomi kitu. Umechomeka vijiti vinane, mashine inaona vinne.

Lakini penye maumivu hasa ni diski. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7200 kwa dakika hufanya kama shughuli 80 hadi 100 za kusoma na kuandika hapa na pale kwa sekunde, na kila mfumo unadhani diski ni yake peke yake. Windows ikianza kujisasisha, wengine wote wanapanga foleni. Dalili yake ni hii: prosesa iko asilimia 10, mhasibu anasubiri ukurasa ufunguke. Weka SSD (diski zisizozunguka) nne za GB 960 kwa RAID 10, mpangilio unaoandika kila data kwenye diski mbili. Utabaki na karibu TB 1.9. Ziwe za seva, si za laptopu, kwa sababu za seva zina kapasita zinazomalizia kuandika umeme unapokatika. Ukitumia ZFS, mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe, kadi ya RAID iwekwe hali ya HBA, yaani ipitishe diski moja kwa moja, la sivyo ZFS haizioni diski zenyewe.

UPS, betri ya akiba ya umeme, nayo iunganishwe na seva kwa waya wa data, si wa umeme tu, izime mashine pepe kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Na hivyo viini 32? Leseni ya Windows Server Standard huhesabiwa kwa viini, kuanzia 16 kwa seva, na inaruhusu mashine pepe mbili tu za Windows. Mwenye viini 32 atalipia vyote 32, hata kama 20 vimelala.

Fundi wa seva,
Mwanza