Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: saruji apokee nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, kwa hiyo haya ninayoyaandika nayajua kwa kuyasaini.

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, watoto wamejaa madarasani, na uwiano wa wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja shule nyingi zinausikia tu. Ajira mpya wameziomba wengi. Mimi naomba hawa walimu tulio nao waachwe wafundishe.

Fedha za madarasa zikiingia, ujenzi ni wa force account, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi badala ya kumpa mkandarasi, na mwenye mradi ni mwalimu mkuu. Mwalimu wa hisabati yuko kamati ya manunuzi, wa darasa la pili kamati ya mapokezi, anahesabu nondo na mifuko ya saruji saa nne asubuhi. Kuna malipo ya kuingiza kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, takwimu za wanafunzi, na mtandao wenyewe ni wa kubahatisha. Hakuna kati yao aliyesomea uhasibu, lakini mkaguzi akija, hoja ni za kwao. Darasa la pili wakati huo? Kiranja anaandika majina ya wapiga kelele.

Kila kata ina Afisa Elimu Kata. Mpeni mhasibu mmoja na karani mmoja wa kuzunguka shule zake zote, na mapokezi ya vifaa yasimamiwe na fundi sanifu wa halmashauri.

Kuna na hili la posho. Mwalimu mkuu alianza kulipwa posho ya madaraka mwaka 2016, Sh200,000 kwa mwezi. Sina kinyongo, kazi yake naiona. Ila anayewatoa watoto kwenye a-e-i-o-u hadi kusoma hadithi nzima hana madaraka yoyote. Walimu wazuri wanapelekwa darasa la saba, maana ndiko shule inakopimwa. La kwanza anaachiwa anayejitolea. Anzisheni nafasi ya mwalimu kiongozi wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu): abaki darasani, apunguziwe vipindi, alipwe posho, awaongoze wenzake katika MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, asubuhi, si saa tisa watu wakiwa hoi.

Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Madarasa ya kuwapokea sekondari yatajengwa, na kamati za mapokezi zitaundwa tena. Waraka utoke kabla ya hapo.